Mashine ya Kale ya Kamari: Utambuzi na Urejeshaji Wake

Kamari ni mchezo wa kale, lakini mashine ya kamari ni kitu cha juzi. Karata na dadu zilichezwa karne nyingi kabla hajatokea mtu aliyefikiri kwamba chuma chaweza kukaa mahali pa mchezaji wa pili, kikapokea fedha, kikachanganya bahati, kikaamua mshindi na kulipa, pasipo mtu kusimama karibu nacho. Fikira hiyo ilitimia Marekani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mashine za namna hiyo ya kwanza, zilizoendeshwa kwa kamani na wenzo bila umeme, ziliendelea kutengenezwa mpaka katikati ya karne ya 20. Leo zimekuwa vitu vya makumbusho na vya watu wakusanyao vitu vya kale, na zifikapo mikononi mwa fundi aghalabu huwa zimeshika kutu, zimekwama, na zimepungukiwa na viungo.

Fundi aliyekabidhiwa mashine kama hiyo ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuitambua, yaani kujua iliundwa na nani, lini, na imepitia mabadiliko gani. Ya pili ni kuirejesha katika hali njema. Wengi huanza na ya pili, kwa kuwa matunda yake huonekana upesi: kutu huondoka, rangi hung'aa, mkono ukivutwa magurudumu huzunguka tena. Lakini historia ya mashine hizi yaonyesha kwamba mwendo huo una hatari. Sheria iliziharibu mashine nyingi, viwanda viliigana, wenye mashine walizibadili mara kwa mara kwa kufuata biashara, na katika miaka ya baadaye waliingia waigaji wenye kutengeneza mpya na kuziuza kama za kale. Kwa sababu hiyo shahidi mkuu wa habari za mashine ni mashine yenyewe, na mtu anayeitengeneza kabla ya kuisoma humnyamazisha shahidi huyo.

Jambo hili si geni kwa wanaochunguza maandishi ya kale ya Kiswahili. Mhariri aliyepata mswada wa utenzi kwa herufi za Kiarabu hujua kwamba mwandishi wa kwanza, mnakili wa pili na msomaji wa tatu aliyeandika pembeni wote wameacha alama zao katika karatasi moja. Akizichanganya alama hizo, au akisahihisha beti kabla ya kujua limetoka mkono upi, hutoa utenzi ambao haukutungwa na mtu yeyote. Mashine ya kamari nayo ina mtunzi, ina wanakili, na ina wenye kuandika pembeni.

ASILI YA MASHINE

Mwaka wa 1891 watu wawili wa Brooklyn, Sittman na Pitt, walitoa mashine yenye mapipa madogo matano yaliyozunguka, na juu ya kila pipa zilikuwapo karata 10. Mchezaji alitia sarafu ya senti tano, akavuta mkono, mapipa yakazunguka yakasimama, na karata tano zikaonekana katika mstari kama wanavyozishika wachezaji wa poka. Karata kamili za mchezo huo ni 52, lakini mashine ilichukua 50. Mbili ziliachwa nje, na kwa kuachwa kwake nafasi ya mchezaji kupata mpango mkubwa ilipungua. Mashine hiyo ilipendwa sana katika vilabu vya pombe, lakini ilikuwa na upungufu mmoja: haikuweza kulipa. Mapipa matano ya karata kumi kumi huweza kusimama kwa namna 100,000, na hapakuwa na fundi aliyejua jinsi ya kukifanya chuma kitofautishe zile zilizoshinda na zile zilizoshindwa. Hukumu ilibaki kwa mwenye kilabu, naye alilipa kwa bia au sigara.

Aliyelifungua fundo hilo ni Charles August Fey. Alizaliwa Bavaria katika Ujerumani mwaka wa 1862, akahamia Marekani, na akakaa San Francisco akifanya kazi ya ufundi. Mwaka wa 1894 alianza kubuni na kutengeneza mashine za sarafu, na tangu mwaka wa 1897 karakana yake ilikuwa katika nyumba namba 406 ya barabara ya Market. Mwaka wa 1898 alitoa mashine aliyoiita Card Bell, yenye magurudumu matatu na yenye kulipa yenyewe. Na mwaka uliofuata, 1899, akatoa ile iliyompa sifa, Liberty Bell, maana yake Kengele ya Uhuru.

Werevu wa Fey ulikuwa katika kupunguza. Aliacha mapipa matano akachukua magurudumu matatu, na katika kila gurudumu akaweka alama 10. Hivyo namna za kusimama zikawa 1,000 badala ya 100,000. Idadi hiyo chuma kiliweza kuimudu. Kila gurudumu liliunganishwa na kisahani chenye matundu, na magurudumu yaliposimama vidole vya chuma vilipapasa visahani hivyo. Palipokuwa na tundu kidole kilizama. Palipokuwa hapana, kilizuiwa. Vidole vilipozama pamoja mahali palipopangwa, sarafu zilisukumwa kutoka katika bomba lake zikamwangukia mshindi. Hukumu iliyokuwa ya mwenye kilabu ikahamia katika matundu ya kisahani.

Alama za Liberty Bell zilikuwa kiatu cha farasi, nyota, shupaza, uru, kopa na kengele. Kengele ni ile iliyoko Philadelphia, yenye ufa, ambayo Wamarekani huihesabu kuwa ishara ya uhuru wao. Alama tatu za karata hazihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili. Shupaza, uru na kopa, pamoja na pau ambayo Fey hakuitia katika mashine yake, ni maneno yaliyotoka katika Kireno, kama lilivyotoka huko neno karata lenyewe. Na neno kamari limetoka katika Kiarabu. Fundi wa San Francisco alipokuwa akizichora alama hizo juu ya utepe wake, zilikuwa zimekwisha kupata majina katika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa njia ya mabaharia na wafanyi biashara.

Ni vema kutaja hapa kwamba vitabu vingi vimeandika mwaka wa 1887, na vingine 1895, kuwa ndio mwaka wa Liberty Bell. Tarehe hizo zimerudiwa na mwandishi baada ya mwandishi, kila mmoja akimtegemea aliyemtangulia. Miaka ya 1898 na 1899 ndiyo iliyoandikwa katika kibao cha kumbukumbu ya kihistoria ya jimbo la California, na ndiyo iliyoshikwa na Marshall Fey, mjukuu wa mbunifu, katika kitabu chake cha historia ya mashine hizi kilichotoka mwaka wa 1983. Fundi anayeitambua mashine kwa kutegemea kitabu kimoja, bila kuuliza kitabu hicho kilipata wapi habari yake, yumo katika hatari ya kuurithi uwongo wa miaka mingi.

MOTO, UIGAJI NA SHERIA

Tarehe 18 Aprili 1906 mji wa San Francisco ulipigwa na tetemeko la ardhi, na moto uliofuata uliiteketeza karakana ya Fey. Liberty Bell za mkono wake zilizosalia ni chache mno. Mwaka wa 1907 kampuni ya Mills Novelty ya Chicago ilitoa Liberty Bell yake, iliyofuata mpango wa Fey katika mambo yote makubwa. Fey alikuwa fundi mwenye karakana. Mills ilikuwa na kiwanda. Tangu hapo mashine ya magurudumu matatu ikawa mali ya viwanda: Caille wa Detroit, na Watling, Jennings na Pace wa Chicago, wote walitengeneza mashine za nasaba hiyo moja.

Huku biashara ikikua, sheria nayo iliamka. Mji wa San Francisco ulizikataza mashine hizi mwaka wa 1909, na jimbo zima la California likafuata mwaka wa 1911. Wenye viwanda hawakufunga milango. Waliivika mashine vazi jingine. Walidai kwamba si mashine ya kamari, ni duka la chingamu, na kwamba kila atiaye sarafu hupata kipande chake cha kutafuna. Ndipo karata zilipoondolewa katika magurudumu na mahali pake pakachorwa matunda: cheri, plamu, machungwa na ndimu, kuonyesha ladha za chingamu. Kibandiko cheusi chenye neno BAR, ambacho watu wengi hukiona bila kukifahamu, chanzo chake ni chapa ya chingamu hiyo. Hila ilikuwa ya muda, alama zikadumu. Uingereza hata leo mashine za kamari huitwa mashine za matunda, na wanaoziita hivyo hawakumbuki kwamba matunda hayo yaliwekwa ili kumdanganya hakimu.

Katika miaka ya mwisho ya 1920 lilienea jambo jingine jipya, nalo ni jakpoti: kisanduku chenye kioo kilichojaa sarafu mbele ya macho ya mchezaji, kikamwagika chote kwa mpango mmoja wa nadra. Neno lenyewe limetoka katika mchezo wa poka. Mashine isiyo na jakpoti ilionekana mara moja kuwa ya kizamani, na wenye mashine hawakupenda kuzitupa zile walizozinunua kwa fedha nyingi. Wakatokea mafundi na kampuni za kuuza nyuso mpya zenye jakpoti, za kufungwa juu ya mitambo ya zamani.

Kisha ikaja miaka ya fadhaa. Jimbo la Nevada liliihalalisha kamari mwaka wa 1931, lakini kwingineko vita viliendelea. Mwaka wa 1934 Fiorello La Guardia, meya wa New York, alipigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo kubwa kabla hazijatoswa majini. Mwaka wa 1951 sheria ya taifa iliyojulikana kwa jina la Johnson ilikataza kuzisafirisha kutoka jimbo hadi jimbo, ila kwa majimbo yaliyoziruhusu. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bally ilipotoa Money Honey, iliyotumia umeme kuyaendesha magurudumu na kulipa, zama za mashine ya kamani tupu zikaanza kufungwa.

Historia hii fupi yatosha kuonyesha kwa nini mashine moja huweza kuwa na nyaraka kadha wa kadha ndani yake. Mtambo wa 1915, uso wa 1929, utepe wa 1940 na rangi ya 1975 huweza kukutana katika kasha moja, na kila kimoja kikawa cha kweli katika wakati wake.

UTAMBUZI

Anayetambua huanza kwa macho, mikono ikiwa imetulia. Jambo la kwanza ni kasha. Makasha ya mwanzo yalikuwa ya chuma cha kusubu, mazito, yenye nakshi, na miguu iliyochongoka kama ya samani za zama zile. Kuanzia miaka ya 1910 viwanda vilianza kutumia mbao, aghalabu mwaloni, kwa kuwa mbao ni nyepesi na rahisi. Uso wa mbele ukabaki wa chuma, kisha ukawa wa aluminiamu. Kasha la mbao lenye uso wa aluminiamu, basi, haliwezi kuwa la Liberty Bell ya kwanza ya Fey, hata likiwa limeandikwa jina lake.

Jambo la pili ni namba. Viwanda vilipiga namba katika mtambo, na mara nyingi katika kasha pia. Namba hizo zikilingana, yamkini mtambo na kasha vimekuwa pamoja tangu kuzaliwa. Zisipolingana, haifai kukata shauri haraka kwamba kuna udanganyifu. Wenye mashine walikuwa na mashine kumi au mia. Mtambo ulioharibika ulitolewa, mwingine ukatiwa siku ile ile ili kilabu kisikae bure. Namba zisizolingana ni habari, na habari hiyo yapasa kuandikwa.

Jambo la tatu ni vitu vidogo ambavyo mwigaji huvisahau. Parafujo yenye kichwa cha msalaba ilianza kutumika viwandani katikati ya miaka ya 1930. Ikionekana katika mashine inayosemekana kuwa ya 1910, mkono wa baadaye umepita hapo. Vivyo hivyo kromu: kuvichovya vyuma katika kromu kulianza kuwa biashara katika miaka ya 1920, na kabla ya hapo vyuma vya kung'aa vilichovywa katika nikeli. Nikeli ina weupe wenye joto kidogo, na kromu ina ubuluu wa baridi. Jicho lililozoea huvitenga bila shida. Chuma cha kromu katika mashine ya kabla ya wakati huo huonyesha kwamba mtu aliipamba upya.

Sarafu nazo hutoa ushahidi, kwa sharti la kuziuliza swali lililo sawa. Mtambo ukitolewa katika kasha, chini yake huweza kupatikana sarafu zilizoanguka na kusahauliwa. Senti tano ya Marekani yenye kichwa cha Uhuru ilitolewa tangu 1883, ile yenye picha ya nyati tangu 1913, na ile ya Jefferson tangu 1938. Senti tano ya nyati iliyokwama katika bomba la malipo yathibitisha kwamba mashine ilikuwa ikichezwa mwaka wa 1913 au baadaye. Haithibitishi kwamba iliundwa mwaka huo. Kosa la kuchukua mwaka wa sarafu kuwa mwaka wa mashine ni sawa na kosa la kuchukua mwaka wa mnakili kuwa mwaka wa mtunzi.

Mwisho kuna kipimo. Mashine mashuhuri za miaka ya 1930, kama War Eagle ya Mills, ziliigwa baadaye kwa kutengeneza nyuso mpya. Njia rahisi ya mwigaji ni kuuchukua uso wa asili, kuutia katika mchanga wa kalibu, na kumimina aluminiamu ndani ya nafasi yake. Lakini madini yanapopoa hunywea. Aluminiamu hupungua kwa zaidi kidogo ya sehemu moja katika mia, na kwa hiyo nakala iliyosubiwa kwa njia hiyo huwa ndogo kuliko asili yake. Rula ya fundi huusema ukweli ambao macho hayauoni: uso wenye urefu wa sentimita 40 hupungua kwa nusu sentimita hivi. Pamoja na upungufu huo, kingo za nakshi huwa butu, kama maandishi yaliyonakiliwa juu ya nakala.

UREJESHAJI

Utambuzi ukikamilika na kuandikwa, pamoja na picha za kila kiungo mahali pake, ndipo kazi ya mkono huanza. Sharti la kwanza lajulikana na kila fundi wa saa: kilichokwama hakilazimishwi. Mkono wa mashine ni wenzo mrefu, na nguvu ya mtu mmoja juu yake yatosha kuvunja jino au kupinda kidole ambacho hakuna kiwanda kitakachokitengeneza tena. Sababu ya kukwama aghalabu ni ndogo: sarafu iliyolala upande, kamani iliyochomoka, au mafuta ya miaka sabini yaliyoganda yakawa kama sandarusi. Mashine iliyokwama hutolewa katika kasha, ikatafutwa sababu, na sababu ikaondolewa.

Mafuta yaliyoganda huondolewa kwa mafuta ya taa au kiyeyushi kingine chepesi, kwa brashi laini, kiungo baada ya kiungo. Kisha hutiwa mafuta mepesi ya saa, tone moja moja, mahali chuma kinapozunguka juu ya chuma. Anayemimina mafuta mengi huiandalia mashine ugonjwa ule ule aliotoka kuuponya, kwa maana mafuta hukusanya vumbi na vumbi huganda. Uangalifu mkubwa zaidi wahitajika katika kile kifaa cha saa chenye kipepeo, ambacho huyapa magurudumu muda wa kuzunguka na kuyasimamisha moja baada ya jingine kutoka kushoto. Kipepeo kikizidi mwendo, magurudumu husimama kabla ya kuchanganyika vema. Kikipungua, mchezo hukawia au hukwama. Kusimama kwa zamu kulikuwa roho ya mashine, kwa kuwa gurudumu la tatu ndilo lililoshika pumzi za mchezaji.

Sehemu inayohitaji fikira kuliko zote ni utepe wa karatasi wenye alama. Utepe huchakaa, hupauka, hutafunwa na wadudu, na tepe mpya hupatikana kwa wauzaji. Kwa macho ya mtu mgeni tepe zote za matunda ni moja. Kumbe utepe ni nusu ya hukumu, na nusu ya pili ni kisahani chenye matundu nyuma yake. Mashine za matunda zilizoenea zilikuwa na alama 20 katika kila gurudumu, na namna 8,000 za kusimama. Ikiwa alama fulani imo mara 7 katika gurudumu la kwanza, mara 5 katika la pili na mara 3 katika la tatu, mpango wake hupatikana mara 105 katika 8,000. Ukitiwa utepe mwingine wenye alama hiyo mara 4 katika gurudumu la tatu, mpango huo huonekana machoni mara 140, lakini kisahani, ambacho hakikubadilika, bado kitalipa mara 105 tu. Mashine itakuwa inamwonyesha mchezaji ushindi na kumnyima malipo. Na utepe ulio sahihi ukibandikwa hatua moja mbele ya mahali pake, mashine italipa kwa ndimu na kuinyima kengele.

Kwa hiyo kabla ya kung'oa utepe wa zamani, hata uwe umechanika, hesabu ya alama zake zote huandikwa kwa utaratibu, na matundu ya kisahani huhesabiwa na kulinganishwa nayo. Palipo na alama isiyosomeka, tundu huisema. Palipo na tundu lililozibwa, alama hulishitaki. Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha mashine ilichukua kiasi gani katika kila sarafu mia. Mwanahistoria anayetaka kujua ni haki gani waliyotendewa watu waliotia senti zao ndani yake hana mahali pengine pa kuuliza.

Hapo ndipo hukutwa wakati mwingine kidude ambacho hakikutoka kiwandani. Ni kipande kidogo cha chuma kilichopachikwa katika mojawapo ya nafasi za kusimamia, ili gurudumu lisiweze kamwe kutua juu ya alama ya jakpoti. Mchezaji aliziona alama zikipita mbele yake, akaamini kwamba ipo siku zitatua. Mwenye mashine alijua kwamba siku hiyo haipo. Fundi mwenye kutaka mashine ifanye kazi kama ilivyokusudiwa na kiwanda atakitoa kidude hicho na kukitupa. Kukitoa kwaweza kuwa halali; kukitupa ni kupoteza ushahidi wa wizi. Kidude hicho, pamoja na maandishi ya mahali kilipokuwa, husimulia kilabu kile na watu wake kuliko jina la kiwanda lililoandikwa juu ya uso. Yapasa kitunzwe pamoja na mashine.

Swali gumu la mwisho ni la tabaka. Mashine iliyoundwa mwaka wa 1915 na kupewa uso wa jakpoti mwaka wa 1929 irejeshwe katika mwaka upi? Wako wanaosema kwamba asili ndiyo kweli, na kwamba kilichoongezwa ni uharibifu. Lakini uso wa 1929 haukuwekwa na mwigaji; uliwekwa na mfanyi biashara aliyetaka mashine yake iendelee kuishi, na wachezaji wa miaka mingi waliijua kwa sura hiyo. Kuuondoa ni kutengeneza mashine ya 1915 ambayo haijapata kuonekana tangu 1929, na ambayo viungo vyake vilivyokosekana itabidi viundwe leo. Matokeo yake yatakuwa ya kale kwa jina na mapya kwa vitu. Palipo na shaka, lililo salama ni kuiacha mashine katika hali ya mwisho iliyotumika kwa kweli, kuimarisha kinachovunjika, na kufanya kila nyongeza kwa namna ambayo fundi wa baadaye ataitambua na kuweza kuiondoa. Rangi ya baadaye nayo haiparuzwi yote. Hufunguliwa mahali padogo pasipoonekana, tabaka zikahesabiwa, rangi zake zikaandikwa. Na chuma cha kusubu hakipigwi kwa nyundo wala kwa mchanga wa nguvu, kwa kuwa hupasuka, na nakshi yake ikifutika hairudi.

MASHINE BAADA YA KAMARI

Majimbo kadha ya Marekani yalikuja kutambua kwamba mashine ya kale si hatari ile ile iliyopigwa kwa nyundo ya La Guardia. California, ambako mashine ilizaliwa na kukatazwa, ni moja ya yale yaliyomruhusu mtu binafsi kumiliki mashine iliyotimiza miaka 25, mradi asiichezeshe kwa kamari. Hivyo umri wa mashine umekuwa jambo la sheria, na utambuzi ambao ulikuwa shughuli ya wapenda vitu vya kale umekuwa na nguvu ya kumtia mtu hatiani au kumwokoa. Kwa wajukuu wa Fey mashine hizi zilikuwa urithi: waliziweka kwa miaka mingi katika nyumba yao ya chakula mjini Reno iliyoitwa Liberty Belle, mpaka ilipofungwa mwaka wa 2006.

Hakuna haja ya kuisifu kamari ili kuitunza mashine yake. Fedha iliyopita katika matundu yale ilikuwa mishahara ya wiki ya watu wa kawaida, na chuma kiliundwa kwa hesabu ili sehemu yake isirudi. Hesabu hiyo bado imo ndani ya visahani, pamoja na jina la kiwanda, hila ya chingamu, uso wa jakpoti na kidude cha mwizi, kila kimoja kwa mkono wa mwandishi wake. Mtu aiwekaye mashine kama hiyo juu ya meza yake, akaipaka rangi mpya, akaitia utepe mpya na kuichovya katika kromu, hupata pambo zuri la nyumba. Aisomaye kwanza, akaandika alichokiona, kisha akatengeneza kile tu kisichoweza kusimama bila msaada, huwaachia watakaokuja baada yake njia ya kuisoma tena na kumsahihisha.